Kabla Hujaihukumu Kompyuta

Juzi usiku kompyuta yangu mpakato ilizimika ghafla nikiwa naandaa mazungumzo haya. Nililaumu umeme, nikalaumu betri. Kumbe mkosaji ni mimi: nilikuwa nimeilaza juu ya godoro. Matundu yaliyo chini yake ndiyo pua yake. Yakizibwa, feni huvuma bure. Joto la ndani likikaribia nyuzi 100 za Sentigredi, mashine hujipunguzia kasi, kisha hujizima isiungue.

Fundi aliifungua, akatoa vumbi lililoshikamana kama pamba. Feni yenyewe nzima! Nami nilikuwa nimekwisha kopa fedha za kununulia nyingine.

Ndugu yangu, iweke mezani, isafishwe vumbi, ndipo uihukumu. Huenda haijafa, inaomba hewa tu.