Firigo gani inatufaa? Maneno yetu kwa mkutano wa wanachama



Tangu kambi za kando ya Goma, kama Bulengo, zifungwe Februari 2025, wengi wetu tumerudi Masisi, na wengine Walikale. Nyumba zinasimama pole pole. Sasa vikundi vinaomba mfuko wetu uvinunulie firigo za plake ya jua. Tunaelewa: maziwa ikiharibika, chumvi na sabuni ya nyumba vimepotea. Lakini mfuko iko mdogo, na firigo mbaya inaweza kuumaliza.

Kwanza tujiulize: kwako nyumbani kinaoza kitu gani? Maharagi makavu haiombi baridi. Masisi iko juu milimani, usiku ni baridi, na fromaji inakaa juu ya rafu majuma mingi bila umeme. Litre 10 za maziwa zinatoa karibu kilo 1 ya fromaji. Walikale ni joto la pori; kule samaki na nyama tunakausha kwa moshi, kama vile wazee wetu walifanya.

Wengine wanauliza juu ya chungu ndani ya chungu, na mchanga wa maji katikati. Mwalimu Mohammed Bah Abba alikieneza kule Nigeria ya kaskazini miaka ya 1990. Maji inapokauka inabeba joto. Lakini inataka hewa kavu. Walikale hewa imejaa unyevu, basi tusikitegemee kule.

Kama kweli munahitaji mashini, muangalie ndani. Ku soko kuna visanduku vya volti 12, bei ndogo, havina kompresa. Vingi vinakula karibu wati 50 bila kupumzika: 50 mara saa 24 ni wati-saa 1,200 kwa siku. Firigo ndogo yenye kompresa, motere yake inapumzika ikishapata baridi. Mara nyingi inakula 300 ao 400. Plake moja ya wati 100, ikipata jua kali saa 4, inatoa 400, na njiani kidogo inapotea. Ile ya bei ndogo inaomba plake zaidi ya tatu na batri kubwa. Rahisi yake iko wapi?

Tuchague ile inayofunguka kwa juu. Hewa baridi ni nzito. Mlango wa mbele ukifunguliwa, inamwagika chini. Nafasi isiyo na chakula tuweke bidoni za maji, zishike baridi usiku. Na tusipime plake kwa jua la kiangazi. Tupime kwa mwezi wa mvua.

Ndiyo maana tunapendekeza hivi: kikundi cha maziwa kianze na vyombo vya fromaji. Firigo yenye kompresa, moja kwa kikundi, iende kwanza pale kuna mgonjwa anayetumia insulini, ao pale maziwa mabichi yanauzwa kila siku. Na rafiki wafadhili, tafazali musitutumie firigo za zamani za nyumba. Zinaomba umeme ambao hatuna.

Mbele ya mkutano ujao, kila kikundi kiandike: kitu gani kinaoza, kiasi gani, kwa siku ngapi. Tutapiga kura juu ya karatasi hizo.