Bei ya Ruhusa Ijulikane Kabla Droni Haijapaa



Jumamosi, komini ya Manika mjini Kolwezi, kuna arusi. Bibi arusi anashuka kwenye gari, na kijana mpiga picha anaweka droni yake chini, kwenye udongo mwekundu. Ukubwa wake haupiti sahani ya ugali. Mapangaboi manne yanazunguka, vumbi linatimka, watoto wanapiga kelele, nayo inapaa. Kwenye kioo cha simu yake wanaonekana wageni, halafu mabati ya nyumba, halafu, nyuma ya mabati, ukuta wa mgodi na ngazi za shimo zinazoshuka mpaka chini kabisa. Alitaka picha ya arusi, na mgodi nao umeingia humo humo.

Hapo shida inaanza. Mlinzi wa mgodi anaona jasusi. Mchimbaji mdogo anadhani anapigwa picha ili afukuzwe. Askari naye ana sababu ya kushtuka: Desemba 2013 MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, ilirusha droni Goma kuchunguza waasi, na leo, katika vita vya mashariki, droni zinabeba mabomu.

Sheria ipo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kifungu cha 8, unakataza ndege isiyo na rubani kupita juu ya nchi nyingine bila ruhusa maalumu ya nchi hiyo. Hapa kwetu Kongo, usafiri wa anga wa kiraia unaongozwa na sheria namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010, na mamlaka yake ni AAC. Lakini sheria hiyo imeandikwa kwa Kifaransa, na kijana wetu wa Manika anaishi kwa Kiswahili. Mara nyingi anaijua siku anaposimamishwa.

Kenya iliandika kanuni zake za droni mwaka 2020: isajiliwe, na isipite futi 400 kwenda juu. Mwenye droni anaujua mpaka wake kabla ya kuiwasha.

Ninaomba AAC na serikali ya jimbo la Lualaba watupe ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye ofisi za komini za Dilala na Manika. Useme ruhusa inaombwa wapi, inalipiwa kiasi gani kwa risiti, na droni ikae mbali kiasi gani na uwanja wa ndege na kuta za migodi. Bei halali ikijulikana na watu wote, atakayedai nyingine barabarani ataonekana.

Nanyi vijana, msingoje ukurasa huo ndipo muulize. Ombeni ruhusa AAC, mwarifuni shefu wa kartie, na kamera ibaki kwa waliowaita. Bibi arusi apate picha yake, na mpiga picha arudi nyumbani na droni yake mkononi.