Piloti mwenye kurudi nyuma si mwoga

 

Tunaanza na jina lenye kila mmoja hapa anajua: Kobe Bryant. Kwenye viwanja vyetu vya basket kuko vijana wenye kuvaa namba 24 mpaka leo. Tarehe 26 Januari 2020, helikopta yenye ilikuwa inamubeba ilianguka kwenye kilima cha Calabasas, karibu na Los Angeles, Marekani. Walikufa watu 9: piloti, Kobe, binti yake Gianna mwenye miaka 13, na wengine 6. Walikuwa wanaenda kwenye mechi ya watoto.

Siku ile wengi walisema mashini iliharibika. Wengine wakaanza na mambo ya njama. Hapana. Wachunguzi hawakukuta injini mbovu. Na piloti hakuwa mwanafunzi, alikuwa na saa zaidi ya 8,000 za kuruka. Sasa ni nini iliwaua? Wingu.

Tueleze polepole, juu hii njo kiini cha mazungumzo yetu. Ndani ya sikio la mtu kuko mirija midogo yenye maji. Ukigeuka, maji yale yanasogea na ubongo unajua umegeuka. Lakini ukiendelea kuzunguka kwa mwendo ule ule, maji yanatulia, na ubongo unasema: tumesimama. Mujaribu nyumbani. Kijana akae kwenye kiti chenye kuzunguka, afunge macho, mumuzungushe polepole bila kubadilisha mwendo. Baada ya muda kidogo atawaambia kiti kimesimama. Mukisimamisha kiti kweli, atasema munamuzungusha upande mwingine.

Kwenye kiti tunacheka. Ndani ya wingu hatucheki. Mbele nyeupe, chini nyeupe, pembeni nyeupe. Ndege inainama kidogo kidogo na piloti hasikii kitu. Inaanza kuzunguka na kushuka. Akiona inashuka, anavuta usukani ili ipande, kumbe anakaza tu ule mzunguko. Mwaka 1954, watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walichukua mapiloti 20 wenye hawakuzoea kuendesha kwa kutazama vifaa peke yake, wakawazuia kuona inje, mwalimu akiwa pembeni. Wote 20 walishindwa kuishika ndege. Kwa wastani ilichukua sekunde 178. Hazifike hata dakika 3.

Piloti wa Kobe alimwambia muongozaji kwenye redio kwamba anapanda mpaka futi 4,000, atoke juu ya mawingu. Wakati ule anaongea, helikopta ilikuwa inageuka kushoto na inashuka kwa kasi. Hakusema uongo. Mwili wake njo ulimudanganya.

Haikuwa mara ya kwanza. Julai 1999, John F. Kennedy Mdogo, mtoto wa rais wa zamani wa Marekani, aliruka usiku na ndege yake ndogo ya Piper juu ya bahari, kukiwa giza na ukungu mwepesi. Hakuwa na kibali cha kuruka kwa vifaa. Alikufa karibu na kisiwa cha Martha's Vineyard, pamoja na mke wake na shemeji yake. Uchunguzi ulitoa sababu ile ile: alipoteza kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Mali na jina kubwa havikumusaidia.

Lakini kwa nini piloti mwenye uzoefu aliingia kwenye wingu? Asubuhi ile, polisi wa Los Angeles waliacha helikopta zao chini juu ya ukungu. Kampuni yake yenyewe ilikuwa na ruhusa ya kuruka tu wakati piloti anaona inje. Kulikuwa na viwanja vya ndege karibu, angeweza kushuka. Wachunguzi walisema hakuna mtu alimulazimisha. Alijilazimisha mwenyewe: hakutaka kumuangusha mteja wake, na kadiri alivyokaribia, ndivyo ilivyokuwa nguvu kurudi nyuma.

Hii tabia tunaijua. Ni ile ya motari mwenye kukuta mto umejaa, anasema: "Tumesha fika karibu, tuvuke tu."

Sasa turudi hapa kwetu. Ukitaka kufika Shabunda wakati barabara imekufa, unapanda ndege ndogo. Walikale pia. Ndege ndogo njo barabara yetu: inabeba wagonjwa, inabeba bidhaa, inabeba sisi. Na njia ile inapita juu ya milima. Kahuzi peke yake iko na metre 3,308, na munajua mara ngapi kichwa chake kinafunikwa na mawingu. Kule wingu linaweza kuwa na jiwe ndani.

Na sisi abiria tunafanya nini piloti akisema tungojee hewa ifunguke? Tunalalamika. "Ni wingu tu, tuende!" Mkubwa mwenye cheo anapiga simu, mwenye mizigo anahesabu hasara. Tuseme ukweli: siku ile sisi wenyewe tunamusukuma piloti kwenye wingu.

Kintu kingine. Uchunguzi wa ajali ya Kobe ulisomwa mbele ya watu wote tarehe 9 Februari 2021, mwaka mmoja tu na siku chache. Ripoti haikusimama kwa piloti aliyekufa. Ilisema pia kampuni haikusimamia usalama wake vya kutosha. Shirika lile halina gereza na halifungi mtu. Kazi yake ni kutafuta sababu na kuisema kwa sauti, ili wengine wasife vile vile.

Hapa kwetu, ni wangapi kati yenu wamesha soma ripoti nzima ya ajali moja ya ndege ya inchi yetu? Muinue mikono. Munaona. Na makampuni yetu yako kwenye orodha ya zile zenye Ulaya imekataza anga yake tangu 2006. Hatuwezi kutoka kwenye orodha ile kwa kutoa rambirambi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwa serikali: kila ajali ichunguzwe, na ripoti itolewe kwa wanainchi, si kwa wakubwa peke yao. Kwa wenye ndege: piloti mwenye kukataa kuruka, ao mwenye kurudi nyuma, asifukuzwe na asikatwe mushahara. Kwa sisi wenyewe: piloti akisema hapana, tukae chini, tununue chai, tungojee. Na tukimusikia mkubwa anamulazimisha, tuseme hapo hapo, bila kuogopa.

Safari yenye kuchelewa ina kesho. Wale watoto wa Calabasas walikuwa wanaenda kucheza basket tu, na mechi ingeweza kungojea.

 Sasa ni zamu yenu, muulize maswali.