Chai Nzuri Isiwe ya Mgeni Peke Yake

(Mazungumzo ya Kamati ya Chai, yaliyosomwa siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu)

 

 Wenzetu wa hesabu wamekwisha kusema ya hisa, mikopo na faida, na mweka hazina amesoma vizuri mpaka tumepiga vigelegele. Sisi wa Kamati ya Chai tumepewa dakika chache tu. Tunajua wapo wanaocheka pembeni: hivi chai nayo inahitaji hotuba? Inahitaji, jamani. Mkitusikiliza hadi mwisho mtaona kwamba kikundi hiki kilikaribia kuvunjika kwa ajili ya chai, na kikapona kwa chai hiyohiyo.

Tuanzie nyumbani. Sisi ni watu wa Rungwe, na chai tumezaliwa tukaikuta. Wajerumani waliipanda kule Amani katika milima ya Usambara, na hapa Kyimbila mwaka 1904. Kuanzia mwaka 1926 ikawa zao la biashara hapa nchini. Mvua yetu inaitosha, na ubaridi wetu inaupenda. Wengi tuliopo hapa tulisomeshwa kwa chai, na sisi tumesomesha watoto wetu kwa chai. Migongo yetu inakijua kikapu.

Basi tuulizane kwa ukweli, bila kuoneana haya: sisi wenyewe tunakunywa chai gani?

Katika nyumba zetu nyingi zilikuwapo chai mbili. Ya kwanza ilikaa juu kabatini, ndani ya kopo lenye mfuniko. Hiyo ni ya mchungaji, ya mkwe, ya mgeni kutoka mjini. Ya pili ilikaa jikoni, imefungwa katika kipande cha gazeti, jirani na sabuni na mafuta ya taa. Hiyo ndiyo yetu. Tena majani yaliyochemshwa asubuhi hayakutupwa. Jioni yalirudishwa sufuriani, yakachemshwa mpaka yakatoa uchungu wote, halafu tukatia sukari nyingi ili tuusahau uchungu. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Sisi tulichuma chai na kunywa makombo yake.

Na kazi yake tunaijua kuliko mtu yeyote. Tunachuma majani mawili na chipukizi lake, tukiacha yale magumu. Hatushindilii kikapu, maana majani yakibanwa yanapata joto na kugeuka mekundu kabla hayajafika kiwandani. Huko kiwandani yananyaushwa, yanasagwa, yanaachwa hewani mpaka yabadilike rangi, yanakaushwa kwa joto, kisha yanachekechwa kwa madaraja. Kilo moja ya chai kavu imekula majani mabichi kama kilo 4 na nusu hadi 5. Kwa miaka mingi chai yetu iliyokwenda mnadani ilivuka mpaka hadi Mombasa, na mwaka 2023 mnada ulianza Dar es Salaam. Huko waonjaji hukaa mezani na kuionja kijiko kwa kijiko. Mtu wa mbali anaionja kwa heshima hiyo, na aliyeichuma je?

Sasa tuingie kwenye habari ya kikundi. Tulipoanza tulikuwa 18. Kila siku ya hisa, baada ya sanduku kufungwa kufuli zake tatu, tulikunywa chai kwa pesa kidogo iliyotolewa katika mfuko wa jamii. Mwaka wa nne likatokea neno. Baadhi yetu tulisema chai inakula pesa bure. Tukapiga hesabu ya majani, sukari, kuni na maandazi kwa mwaka mzima, tukaona ni mtaji wa mtu mmoja kabisa. Tukapiga kura, chai ikafutwa. Tulijiona werevu sana siku ile.

Kilichofuata hatukukitegemea. Sanduku likifungwa tu, kila mtu ananyanyuka na mkoba wake. Mikutano ikawa mifupi, tukasifiana kwa kutunza muda. Lakini habari za nyumbani hazikusemwa tena, maana mtu hawezi kusema shida yake wakati hisa zinahesabiwa. Mambo yale yalikuwa yakisemwa kwenye kikombe.

Miezi michache baadaye mwenzetu mmoja alishindwa kurejesha mkopo. Mara ya kwanza tukamtoza faini. Mara ya pili faini tena. Mara ya tatu hakuja mkutanoni, nasi tukaandika kwenye daftari kwamba amekaidi. Jina lake hatutalitaja, ingawa yupo hapa na ametupa ruhusa ya kusimulia. Wanne kati yetu tulitumwa nyumbani kwake tukadai.

Tulifika saa kumi jioni, mvua inanyesha. Alitukaribisha kama vile tumekuja kusalimia tu. Akaweka maji jikoni, akapanda juu ya kigoda, akashusha kopo kutoka kabatini. Akatupikia chai nzito, nyekundu, yenye harufu ya shamba, na maziwa ya jirani. Tukanywa. Wakati tunakunywa, mtoto wake mkubwa aliingia, akajimiminia kikombe kutoka kwenye sufuria nyingine iliyokuwa pembeni. Mmoja wetu akachungulia. Yalikuwa maji ya rangi ya vumbi, hayana maziwa, hayana sukari.

Hapo ndipo tulipouliza, na hapo ndipo aliposema. Mtoto wake mdogo alikuwa amelazwa hospitalini wiki tano. Pesa ya mkopo iliishia huko, na ng'ombe aliuzwa kwa ajili hiyo. Nasi tulikaa naye chumba kimoja kila wiki, tukimtoza faini, bila kujua. Aliona haya kusema mbele ya sanduku.

Akina mama, hatukudai kitu siku ile. Tulirudi kimya. Mkutano uliofuata tulirudisha faini zote, tukamwongezea muda wa kulipa, na mfuko wa jamii ukamsaidia. Mkopo aliumaliza mwaka uliofuata, mpaka shilingi ya mwisho. Mtoto alipona, na leo ndiye aliyegawa viti asubuhi. Siku ileile tulirudisha chai, tukaunda kamati hii, na tukaweka sharti moja kwenye katiba yetu: kikundi kinywe chai nzuri, si makombo. Tuliona mwenzetu ametupa sisi wadai wake kilicho bora, na watoto wake wamekunywa kilichobaki. Tulijiuliza, hivi si ndivyo tunavyofanya wote? Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa. Lakini siku ambazo mgeni haji, mwenyeji apone kwa nini?

Kutoka hapo tulikubaliana kila mmoja ashushe kopo kutoka kabatini kwake. Wapo waliouliza: pesa iko wapi? Tukahesabu pamoja, nasi tunawahesabia hapa tena. Kijiko kidogo cha majani ni kama gramu 2. Lita moja ya chai inataka vijiko vinne hadi vitano. Kwa hiyo pakiti ya gramu 250 inatoa lita 25 na zaidi, yaani vikombe 100 vya kawaida. Chukua bei ya pakiti nzuri, igawanye kwa 100, uone kikombe kimoja ni shilingi ngapi. Wengi tulishangaa. Kilichokuwa kikitumaliza ni sukari. Chai mbaya inadai vijiko vitatu vinne ili ipite kooni, na chai nzuri inatosheka na kimoja. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi kama vijiko 12 vidogo kwa siku kwa mtu mzima, na ikipungua zaidi ni bora. Vikombe vitatu vya chai mbaya vinatosha kuvimaliza hivyo vyote.

Namna ya kuchagua, fanyeni hivi. Tazameni majani: yawe meusi au ya kahawia iliyoiva, chembe zinazolingana, bila vijiti na nyuzi nyingi. Nuseni: yawe na harufu hai, si ya uvundo wala ya ghala. Tena msiogope chembe ndogo. Ipo chai laini kama unga iliyo ya daraja zuri, nayo hukoza haraka. Kinachoshusha chai ni nyuzi, uzee na utunzaji mbaya. Ukifika nyumbani itie kwenye kopo kavu lenye mfuniko, mbali na sabuni, mafuta ya taa na vitunguu, kwa sababu chai huvuta kila harufu iliyo karibu nayo.

Kupika nako si kazi ngumu. Tumieni maji mapya, yachemke sawasawa. Tieni majani, epueni, funikeni dakika tatu hadi tano, kisha chujeni. Maziwa yaje ya moto. Anayependa chai ya maziwa ya kuchemshwa pamoja, achemshe, ila asiisahau jikoni akaenda kusuka nywele! Tangawizi iponde na kuichemsha kwenye maji kwanza, maana ukiitia mbichi kwenye maziwa yanaweza kukatika. Na majani yaliyokwisha kutumika yapelekeni kwenye migomba, kazi yake imekwisha.

Neno moja la tahadhari. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Akina mama wajawazito na wenye upungufu wa damu, subirini kama saa moja baada ya kula. Watoto wadogo wapeni maziwa na uji, chai ingoje wakue.

Tunajua sasa mnasikia harufu kutoka jikoni, basi tumalizie. Tukiulizwa kikundi kimetupatia nini kwa miaka kumi, tutataja mabati, ada za shule, ng'ombe na cherehani. Hayo mmeyaona kwenye picha za kijitabu hiki. Picha haikuonyesha jambo hili: saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Julai, ukungu umefunika migomba, mama ameketi kwenye kigoda chake kabla watoto hawajaamka. Ameshika kikombe cha chai nzuri kwa mikono miwili. Hamngoji mgeni. Dakika kumi zile ni zake, na anajua majani yale yametoka wapi, kwa sababu huenda aliyachuma yeye. Mtoto akiamka atakuta birika lilelile, si sufuria ya pembeni. Kwetu sisi hiyo nayo ni faida, ingawa mweka hazina hana safu yake kwenye daftari.

Ombi letu kwa wanachama ni hili: leo mkirudi, shusheni kopo. Mgeni akija atakuta chai ileile tunayokunywa sisi, naye atafurahi zaidi. Na kwa vikundi vichanga vilivyokuja kujifunza kwetu, mkibana matumizi baneni mengine, chai acheni. Msiondoke sanduku likifungwa. Kaeni, mimineni, muulizane hali.

  Vikombe viko mezani, chai iko tayari, na leo ni moja kwa wote.