Bega Halina Spea

(Mazungumzo ya mwanafunzi wa zamani, siku ya kukutana kwetu shuleni)



Niliombwa nizungumze juu ya utumishi serikalini. Ndugu Mwenyekiti ataniwia radhi, kwani hotuba hiyo imebaki ndani ya mkoba. Jana jioni nilipofika nilisikia kwamba vijana wa Kidato cha Tano wanakusudia kwenda Ifakara wakati wa likizo kushindana kwa mitumbwi na vijana wa Mto Kilombero. Nikauliza wamejiandaaje. Mmoja wao akakunja mkono akanionyesha msuli. Basi nikabadili mada.

Mwaka 2012 nilikuwa mtumishi katika bonde hilo. Daraja lilikuwa bado, maana lilifunguliwa mwaka 2018, na watu walivuka kwa kivuko au kwa mtumbwi. Siku moja ya mapumziko, nikiwa na kitambi changu cha kwanza cha ofisini, nilimwomba mzee mmoja mvuvi anipe kafi. Nilitaka kuwaonyesha wenzangu kwamba mtu wa milimani naye anayaweza maji. Kushuka na mkondo kulikuwa raha tupu. Wakati wa kurudi nilivuta kwa mikono peke yake, karibu saa nzima. Mkondo ukaupiga mtumbwi ubavuni; nikapeleka kafi nyuma kabisa ili niunyooshe, huku kifua changu kikiwa bado kinatazama mbele. Bega likalia kama kijiti kikavu. Yule mzee hakusema neno. Alichukua kafi, akatufikisha ng'ambo bila hata kutoa jasho.

Usiku ule sikuweza kuvua shati. Nikaongeza kosa juu ya kosa: nikamwendea mtu wa kuvuta viungo, akalivuta kwelikweli. Kwa miezi saba sikuweza kuteremsha faili kutoka rafu ya juu.

Daktari aliyenitibu baadaye alinieleza jambo ambalo ningefurahi kama ningelijua nikiwa na umri wenu. Bega ni kama mpira uliowekwa juu ya kisahani. Kisahani hicho hakina kina, ndiyo maana mkono unaweza kuzunguka kila upande. Kinachouzuia mpira usitoke ni misuli midogo inayouzunguka. Msuli ule wa kumwonyesha mgeni hauna kazi hapo. Misuli hiyo midogo ndiyo niliyoichana.

Nilipopona nilirudi mtoni kumtazama yule mzee, safari hii kwa adabu. Alisimama nyuma ya mtumbwi, magoti yamelegea kidogo, nyayo zimeshika. Kila alipopiga kafi, nyonga na kiuno viligeuka kwanza, mkono ukafuata. Hata siku moja mkono wake haukupita nyuma ya bega. Akitaka kufika nyuma aligeuza kiwiliwili chote. Basi vijana, anzeni na hilo: mikono ikae mahali macho yanapoiona.

Sasa mazoezi yenu. Naambiwa mnapiga pushapu mia kila asubuhi. Vizuri, lakini mnajenga zaidi kifua, na kifua kikikaza huyavuta mabega mbele. Kwa kila zoezi la kusukuma, fanyeni moja la kuvuta. Mwembe wenye tawi imara unatosha. Ning'inia, jivute polepole, shuka polepole zaidi. Halafu tafuteni tyubu kuukuu ya baiskeli. Funga upande mmoja kwenye nguzo, bana kiwiko ubavuni, vuta tyubu kwa kupeleka kiganja nje, mara 15, kila mkono. Ni zoezi la aibu, halitoi jasho wala halimvutii mtu yeyote. Ndilo lililoniponya.

Kwa miguu na pumzi mna Uluguru mlangoni. Pandeni kuelekea Morningside, lakini mkishuka msikimbie. Kupanda huchosha, kushuka ndiko kunakoumiza, kwa sababu paja hufanya kazi ya breki na goti hubeba mzigo mkubwa. Watazameni akina mama wanaoteremka na ndizi kichwani kwenda sokoni mjini: hatua fupi, magoti hayajanyooka. Ongezeni mwendo kidogo kila wiki, na wiki ya nne mpunguze mwili upumzike.

Kuhusu maumivu, msiwasikilize wanaosema kila maumivu ni uvivu. Uchovu wa misuli huenea sehemu kubwa, nao huondoka baada ya siku mbili tatu. Maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, hasa kwenye kiungo, ni habari nyingine. Acha hapohapo, umwambie mwalimu. Najua mtanitajia John Stephen Akhwari, ambaye mwaka 1968 kule Meksiko alianguka katika marathoni, akaumia goti na bega, na bado akamaliza akiwa na bandeji mguuni. Namheshimu sana mzee huyo. Lakini ile ilikuwa Olimpiki, na nchi ilikuwa imemtuma. Haikuwa mazoezi ya Jumanne.

Mambo ya maji nayapitia haraka: asiyejua kuogelea asipande, kila mmoja avae boya, na wenyeji ndio wa kuulizwa viboko na mamba wako wapi. Wakisema leo hapana, ni hapana.

Wenzangu wa zamani, nimewaona mkicheka habari za kitambi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa getini na viatu vya raba. Tutapanda mpaka pale pumzi zitakapotufikisha. Tyubu ninazo nne ndani ya gari. Wa kwanza kufika ndio watakaozipata.