Idi Amin Jukwaani

Leo tunaingia katika ukumbi wa maonyesho, tukawatazame madikteta wa Afrika wakiigizwa.

Mwaka 1984 Wole Soyinka wa Nigeria, ambaye miaka miwili baadaye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, alitoa tamthilia iitwayo A Play of Giants. Ilionyeshwa kwanza katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Mambo yote yanatokea New York, ndani ya ubalozi wa nchi ya kubuni, Bugara, jirani na makao ya Umoja wa Mataifa. Marais watatu wamekaa kitako, wanachongwa sanamu. Majina yao yamegeuzwa, lakini kila mtu anawatambua: Kamini ni Idi Amin wa Uganda, Kasco ni Bokassa wa Afrika ya Kati, Gunema ni Macías Nguema wa Guinea ya Ikweta. Baadaye anawasili wa nne, Tuboum, naye ni Mobutu wa Zaire.

Watatu wa mwanzo walikuwa wameshaanguka, na wote katika mwaka uleule wa 1979: Amin mwezi Aprili, alipofurushwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, Macías mwezi Agosti, Bokassa mwezi Septemba. Mobutu alikuwa bado anatawala, na alidumu hadi 1997.

Tamthilia inaanza kwa vichekesho. Kamini anaamini sanamu ile itawekwa Umoja wa Mataifa, dunia nzima iione. Mara anafika mkuu wa Benki Kuu ya Bugara, amekosa mkopo nje. Kamini haoni tatizo: chapisheni noti zaidi! Yule bwana anaponyokwa na neno, kwamba fedha ya Bugara haina thamani hata ya karatasi ya chooni. Basi anaburutwa hadi chooni, kichwa kinatumbukizwa, na kila tangi likijaa maji yanavutwa tena. Huku nje marais wanaendelea na mazungumzo yao kuhusu ukuu na madaraka. Mchongaji naye anateleza ulimi, akisema kazi yake inastahili chumba cha watu wa kutisha katika jumba la sanamu za nta kule London. Tunapomwona tena amefungwa bendeji mwili mzima, na bado anachonga.

Hapo mtazamaji aliyekuwa akicheka anajikuta anajiuliza: nilikuwa nacheka nini? Wahenga walishasema, mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Kwa nini Soyinka aliijenga kazi yake hivyo? Kwa sababu dunia ilikuwa imemcheka Amin miaka minane bila kumwona. Magazeti ya ng'ambo yalipenda vituko vyake: medali zilizojaa kifuani, cheo alichojipa cha mshindi wa Dola ya Uingereza, Wazungu waliombeba kitini Kampala mwaka 1975. Mwaka huohuo wakuu wa nchi za Afrika walikutana Kampala, akawa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kuhudhuria. Wengi walikwenda, wakapiga makofi. Na wakati huo Waganda walikuwa wakiuawa. Makadirio yanayotajwa sana yanafika watu 300,000 katika utawala wake wote.

Soyinka hakungoja Amin aanguke ndipo aseme. Katikati ya miaka ya sabini alihariri jarida la Transition, ambalo lilianzishwa Kampala mwaka 1961, kisha likahamia Accra. Humo alimlaani Amin waziwazi. Mwaka 1977, mwaka uleule Bokassa alipojivika taji la ufalme, Soyinka alimleta jukwaani huko Ife katika Opera Wonyosi.

Lakini yeye alikuwa mbali na Kampala. Waliokuwa ndani walilipa kwa roho zao. Byron Kawadwa, mtunzi na mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maonyesho la Uganda, alipeleka mchezo wake wa Oluyimba lwa Wankoko kwenye tamasha kubwa la sanaa za Waafrika, FESTAC, mjini Lagos mwaka 1977. Aliporudi nyumbani alikamatwa na kuuawa. Tunapomsifu Soyinka kwa ujasiri, na tumtaje Kawadwa kwa heshima ileile.

Sasa tuwatazame watu wanaomzunguka Kamini jukwaani. Yupo profesa Mmarekani mweusi, Batey, anayemwona kuwa shujaa wa Afrika. Yupo mwandishi wa habari kutoka Skandinavia anayemhusudu. Wapo wajumbe wa Urusi na wa Marekani, ambao serikali zao zimewatumia watawala hawa kwa faida zao. Habari zinapofika kwamba Kamini amepinduliwa, anawashika wote mateka na kuelekeza silaha nzito Umoja wa Mataifa. Silaha hizo hakuzitengeneza yeye, alipewa.

Nadhani hapo ndipo uzito wa tamthilia hii ulipo. Kumdhihaki dikteta aliyeanguka ni rahisi, na vijana wetu wanaweza kufanya hivyo kila tamasha la shule. Kazi ngumu ni kuwaleta jukwaani waliomfadhili, waliomtetea kwa hoja za kisomi, na waliomshangilia. Amin hakujiweka wala hakudumu madarakani peke yake, na mtunzi anayemwigiza peke yake anatupunguzia historia. Kwa hiyo, ninyi mnaoandika michezo juu ya watawala wetu, chekesheni kwa nguvu zote, lakini kila mnapomchora mtawala, mchoreni na yule anayempigia makofi.