Nyumba Yenye Konda Mmoja

Wazazi mliokuja na watoto kwa sababu hakuna wa kuwaachia jioni hii: wakichoka kukaa, waacheni wazunguke humu ukumbini. Mada yenyewe, kuushughulisha mwili, inawaruhusu.

Nianze na mabasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, daktari mmoja wa Uingereza, Jeremy Morris, alitaka kujua kwa nini ugonjwa wa moyo ulikuwa unaongezeka nchini mwake. Akawatazama wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Basi moja lilikuwa na watu wawili: dereva, aliyekaa kitini zamu nzima, na kondakta, aliyepanda na kushuka kati ya ghorofa akikata tiketi. Kwa siku moja ya kazi kondakta alikanyaga ngazi kati ya 500 na 750. Wote wawili walivuta moshi ule ule wa jiji. Matokeo yalitoka katika jarida la The Lancet mwaka 1953: makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, waliougua waliugua wakiwa na umri mkubwa zaidi, na ugonjwa haukuwaua upesi kama ulivyowaua madereva. Alipowalinganisha wagawa barua na makarani wa posta, mambo yakawa yale yale.

Mwanafunzi mzuri hapo atanyoosha mkono: mwalimu, huenda watu hao walitofautiana tangu siku ya kuajiriwa? Morris alijiuliza hivyo hivyo. Mwaka 1956 yeye na wenzake walichapisha makala kuhusu sare za kazi, na rekodi za sare zikaonyesha kwamba suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni kuliko za makondakta, hata kwa vijana. Basi huenda wanene kidogo ndio waliokimbilia kiti. Naitaja makala hiyo kwa sababu ni adabu ya taaluma, na pia kwa sababu naipenda. Ni nadra mtafiti kwenda kuutafuta udhaifu wa hoja yake kwenye suruali. Tafiti zilizofuata, kwa miongo mingi na katika nchi nyingi, ziliondoa shaka kwenye jambo lenyewe: mwili unaosogea kila siku hukingwa na presha, kisukari cha ukubwani na magonjwa ya moyo. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Sasa tuingie kwenye basi letu.

Chukueni nyumba ya Tabata au Mbezi hapa Dar es Salaam, baba na mama wote waajiriwa, watoto watatu, na dada wa kazi. Saa 11 alfajiri basi la shule linapiga honi. Mtoto wa darasa la pili anatolewa ndani macho yakiwa nusu, begi limebebwa na dada, na kabla basi halijafika barabara kuu amekwisha kulala, shavu kwenye kioo. Shuleni anakaa. Jioni anarudi na basi lile lile, anaanza kazi za shule, na Jumamosi kuna tuisheni. Baba amekaa kwenye gari, amekaa ofisini, amekaa kwenye foleni ya kurudi. Mama kadhalika, isipokuwa yeye akifika anaingia jikoni. Saa 3 usiku wote wamechoka kweli kweli, na ukiwaambia habari ya mazoezi watakutazama kama mtu asiyejua maisha.

Dada je? Ameamka saa 10. Ameteka maji, amefagia uwanja, amepiga deki, amefua sare za watoto wawili na kuzianika, amekwenda gengeni kufuata nyanya, amerudi tena gengeni kwa sababu vitunguu vilisahaulika, na kutwa nzima mtoto mdogo yuko mgongoni mwake. Bodaboda ameleta mkaa, kijana mwingine ameleta maji ya kunywa.

Nyumba ile ina abiria watano na konda mmoja. Hoja yangu jioni hii ni hiyo tu: familia zetu hazikukosa muda wa kuushughulisha mwili. Zilimwajiri mtu ausogeze mwili wake kwa niaba ya wote, kisha zikaanza kutafuta saa ya ziada ya kwenda kununua mwendo ule ule gym.

Wengine watasema, kama ni hivyo basi dada ndiye mwenye afya kuliko sisi sote, ashukuru. Hapana. Watafiti, akiwemo Andreas Holtermann wa Denmark, wameonyesha kwamba kazi ngumu ya kuajiriwa haileti faida ile ile inayoletwa na mazoezi ya hiari, na wakati mwingine huudhuru moyo. Sababu wanazozitaja ni rahisi kuzielewa: kazi hiyo ni ya saa nyingi mno, ina kunyanyua na kuinama kwingi, na mwenye kazi hachagui lini apumzike. Kwa hiyo mwendo katika nyumba ile umegawanywa vibaya kwa pande zote mbili. Mmoja amezidishiwa hadi mgongo unamuuma, watano wamenyimwa hadi presha inawapanda. Na tatizo la presha si hadithi ya wazungu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa karibu mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 hapa Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, ile ya kutokwa na kijasho huku bado unaweza kuongea. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku. Wa chini ya miaka 5 aliyekwisha kuanza kutembea, kwa mwongozo wa shirika hilo hilo wa mwaka 2019, anahitaji saa 3 za kucheza na kuhangaika huku na huko, zikigawanyika kutwa nzima. Lakini kitu kikubwa katika mwongozo ule wa 2020, na ndicho ambacho hakijatangazwa vya kutosha kwa wazazi, ni kilichoondolewa. Zamani dakika za mtu mzima zilihesabiwa tu kama zimefika 10 mfululizo. Sharti hilo limefutwa. Dakika 4 za kupiga deki sebuleni zinahesabika. Dakika 6 za kutembea toka kituoni hadi nyumbani zinahesabika. Anayesema "sina saa nzima" hana tena pa kujificha.

Kwa hiyo gawaneni kazi. Mtoto wa miaka 7 anaweza kufua soksi zake na kung'arisha viatu vyake, na wa miaka 10 anaweza kudeki chumba chake na kwenda dukani kama njia ni salama. Baba anaweza kufagia uwanja Jumamosi, na ikimpendeza, afagie mbele ya majirani. Nasema hivyo kwa makusudi. Kwetu bado kuna wanaume ambao kitambi kwao ni cheo na fagio ni fedheha, na mke anayemwachia mume fagio husemwa mtaani kuliko mume mwenyewe. Kuna mwalimu mwenzangu alianza kumsindikiza mwanawe shuleni kwa miguu. Majirani wakamuuliza kwa upole kama gari liko gereji.

Hapa niseme neno kuhusu vikundi vya jogingi. Nawapenda. Ukipita Temeke au Mbagala Jumapili alfajiri utakutana na watu mia na zaidi, fulana za rangi moja, filimbi mbele, nyimbo za mchakamchaka, bondeni hadi mlimani. Wanazikana, wanachangiana harusi, wanatembelea wagonjwa. Hakuna gym inayoweza kukupa hayo. Ila nikimtazama baba wa familia aliyemo mle, huwa najiuliza nani amebaki na watoto. Mara nyingi ni mama, na mama hatatoka Jumapili ijayo wala ile nyingine. Zamu zingewekwa, au watoto wangechukuliwa wakakimbia nyuma hata nusu ya njia, kikundi kisingepungukiwa kitu.

Kuhusu kukaa kwenyewe, tunao walimu hapa hapa nchini. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi ni wawindaji na wachumaji, na watafiti wamewafungia vifaa vya kupimia mwendo mapajani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020, David Raichlen na wenzake waligundua jambo lililowashangaza wengi: Mhadzabe mtu mzima hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mjini. Tofauti ni namna ya kupumzika. Sehemu ya muda huo huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Sofa huilaza kabisa. Nyumbani kwa bibi zetu wa pwani watu walikula mkekani na nazi ilikunwa kwenye mbuzi, magoti yakiwa yamekunjwa. Simwambii mtu auze sofa. Nasema mtoto anayetazama katuni anaweza kutandikiwa mkeka, na kila katuni moja ikiisha ainuke akalete kitu.

Lakini mchezo ndio kazi ya mtoto, na hapo nyumba peke yake haitoshi. Rede, kombolela, kidali po, kuruka kamba, chandimu: michezo yote hiyo ina kukimbia, kukwepa na kuchutama kuliko kipindi chochote cha michezo ninachokijua, na haina ada. Inataka kitu kimoja tu, nacho ni uwanja. Katika mitaa mingi ya jiji hili uwanja uliochorwa kwenye ramani leo una fremu za maduka au umejaa magari. Watoto wakabaki na barabara, wazazi wakaiogopa barabara, na ni haki yao kuiogopa. Mtoto akafungiwa ndani akapewa simu.

Barabara inaweza kurekebishwa. Shirika la Amend lilianza Dar es Salaam kazi ya kutengeneza maeneo ya shule: matuta, vivuko, njia za waenda kwa miguu, lango kuhamishiwa upande salama. Si mambo ya anasa. Mwaka 2019 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Kigali nayo tangu mwaka 2016 hufunga baadhi ya barabara kwa magari asubuhi za Jumapili maalumu, na familia nzima huingia na baiskeli na viatu vya raba. Sisi tulikuwa na tamko letu, Desemba mwaka huo huo wa 2016, la kutenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Lilikuwa tamko zuri. Viongozi walitembea, kamera zikapiga. Kwa maoni yangu lilikosea mahali pamoja: lilimtaka mwananchi aje uwanjani mara moja kwa mwezi, wakati uwanja wa mtaani kwake ndio uliokuwa unamegwa kila siku.

Walimu wakuu mliomo humu, nina ombi moja kwenu. Ratiba ya basi inayomwamsha mtoto wa miaka 7 saa 10 na nusu usiku inamwibia usingizi, na mtoto asiyelala hachezi. Fupisheni mizunguko ya mabasi, wapeni nafasi ya kutembea wale wanaokaa karibu, na mwalimu anayempiga marufuku mtoto kutoka nje wakati wa mapumziko ati kwa kuwa hakumaliza hesabu, mwambieni atafute adhabu nyingine.

Na nyinyi wazazi: mkutano wa mtaa ukiitishwa, nendeni, tena nendeni na watoto. Ombeni ramani ya mipango miji ya mtaa wenu iletwe na kusomwa mbele ya watu wote. Ulizeni uwanja wa wazi uko wapi na nani yuko juu yake leo, na msikubali mkutano ufungwe kabla jibu halijaandikwa kwenye muhtasari.